Nani Abaki Wodini? Kisa cha Dk. Matthew Lukwiya na Wauguzi wa Lacor

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 24 Novemba 2000, wafanyakazi wapatao 400 wa Hospitali ya St. Mary's Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda, hawakuingia wodini. Walijazana kwenye ukumbi wa shule ya uuguzi ya hospitali hiyo. Ndani ya saa 24 Ebola ilikuwa imeua watu saba pale hospitalini, na watatu kati yao walikuwa watumishi wenzao. Mganga mfawidhi, Dk. Matthew Lukwiya, alifika mbio akauliza wanataka nini. Muuguzi mmoja akamjibu: hospitali ifungwe.

Siku hiyo Lukwiya alikuwa anatimiza miaka 43. Alikuwa amebakiza siku kumi na moja za kuishi.

Nafundisha uuguzi, na kisa hiki hukileta darasani kila tunapofika kwenye maadili ya kazi. Kwa kawaida watu hukisimulia kuanzia mwisho: daktari aliyekufa akiwahudumia watu wake, jeneza, sifa, machozi. Ukikianzia huko unapata shujaa wa kupigiwa makofi, kisha mnatoka darasani mkiwa vilevile mlivyoingia, maana hakuna mwanafunzi anayejiunga na chuo akipanga kufa. Mimi hukianzia ukumbini. Mle ndani kulikuwa na swali ambalo kila anayehudumia wengine hukutana nalo siku moja, awe muuguzi wa Gulu au binti anayemlea mama yake mwenye kiharusi kule Mbagala: kwa nini nibaki mimi?

Simu kutoka Gulu

Lukwiya alikuwa Mwacholi, kabila la kaskazini mwa Uganda, wa mji wa Kitgum, aliyefiwa na baba akiwa bado mtoto na kulelewa na mama mchuuzi. Darasani alikuwa anaongoza. Alisomea udaktari Makerere, na mwaka 1983 akafika Lacor kama daktari wa mafunzo ya vitendo. Hospitali hiyo ilianzishwa na wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wakomboni mwaka 1959, ikakuzwa kuanzia 1961 na mume na mke: Piero Corti, daktari Mwitalia, na Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Lucille aliambukizwa VVU akiwapasua wagonjwa, akajua hali yake katikati ya miaka ya 1980, na bado akaendelea na kazi kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1996. Kijana wa Kitgum alijifunzia kazi mikononi mwa watu wa namna hiyo, na nadhani hilo linaeleza mambo mengi kuliko hotuba yoyote aliyowahi kuitoa.

Kisha kulikuwa na vita. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua watawa wa Kiitaliano. Lukwiya akawaambia hilo haliwezekani, wamchukue yeye. Wakamchukua kweli. Alizungushwa porini wiki nzima akiwa bado amevaa koti lake la udaktari, hadi walipomwachia. Baadaye hospitali ikawa inafungua geti jioni kwa watu waliokimbia vijiji vyao kwa kuogopa kutekwa usiku, na kuna kipindi watu 9,000 walikuwa wakilala ndani ya uzio ule. Katikati ya hayo alikwenda Liverpool kusomea tiba ya watoto ya nchi za joto, akafaulu kupita wenzake, akatakiwa abaki huko. Alirudi.

Nayataja haya kwa haraka kwa sababu moja. Ebola ilipofika Gulu, Lukwiya hakuwepo. Tangu Desemba 1998 alikuwa Kampala na mkewe na watoto wao watano, akisoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii Makerere. Aliyekaimu nafasi yake Lacor alikuwa Dk. Cyprian Opira. Tarehe 7 Oktoba 2000, siku ya Jumamosi, Opira alimpigia simu: kuna ugonjwa usioeleweka, watu wanakufa, na kati ya waliokufa wamo wanafunzi wawili wa uuguzi. Mtu aliye kwenye likizo ya masomo angeweza kutoa ushauri kwa simu, akaomba aelezwe yatakayojiri, na hakuna ambaye angemlaumu. Jioni hiyo alikuwa Gulu, na usiku huohuo alimshuhudia mwanafunzi wa tatu akifa.

Sasa tazameni alichokifanya baada ya hapo, kwa sababu hakina ushujaa wa kuonekana kwa macho. Alikesha akisoma. Yeye na mtawa mmoja wa hospitali walipekua miongozo ya Shirika la Afya Duniani na ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wakawa wanalinganisha dalili. Kulipokucha alipitia mafaili ya wagonjwa, akakuta 17 wenye sura moja: homa kali, kutapika, kuharisha, na baadhi yao kutokwa damu, huku dawa za malaria na antibayotiki zikiwa hazijafua dafu. Wazee wa vijijini nao walileta habari za familia zilizokwisha nyumba nzima. Akafikia hitimisho kwamba hii ni homa ya virusi ya kutoka damu, ya jamii ya Ebola. Taratibu zilitaka taarifa ipande ngazi kwa ngazi. Yeye alimpigia moja kwa moja Dk. Sam Okware, kamishna wa huduma za afya ya jamii wizarani.

Sampuli zilipelekwa Afrika Kusini, na katikati ya Oktoba jibu likarudi: Ebola, aina ya Sudan. Lakini kabla ya jibu hilo Lacor tayari ilikuwa na wodi ya kutenga wagonjwa, imefungwa njia za kuingia na kutoka kiholela, ina ndoo za klorini, gauni na glovu, na ina watumishi waliojitolea kuifanyia kazi. Wataalamu wa kimataifa walipowasili walikuta mashine inazunguka.

Huwa nawaambia wanafunzi wasikimbie kwenye hatua hii. Sisi tukisema mtu ana moyo wa huruma, tunawaza anayelia na wagonjwa au anayetoa mfukoni mwake. Huruma ya Lukwiya wiki ile ya kwanza ilikuwa ni kusoma faili hadi ukurasa wa mwisho. Mafaili yale yalikuwepo kabla hajafika. Walioyajaza walikuwa watu wema, wachovu, wenye wagonjwa wengi mno. Aliyepata nafasi ya kuyaweka mezani pamoja na kuyatazama kwa mara moja ndiye aliyeokoa siku kadhaa, na kwenye Ebola siku chache ni watu wengi.

Yule atakayemshika

Ebola huenea kwa njia ya majimaji ya mwili: damu, matapishi, choo, jasho. Kwa maneno mengine inamfuata anayemshika mgonjwa. Anayepita barabarani hana la kuogopa. Anayepangusa matapishi, anayegeuza mgonjwa kitandani, anayeosha maiti, huyo ndiye wa kwanza kwenye foleni. Ni ugonjwa unaowaandama wale hasa tunaowasifu kwa upendo.

Uchunguzi wa mlipuko ule ulionyesha njia tatu kubwa za maambukizi: kuhudhuria mazishi na kushiriki taratibu zake, kumuuguza ndugu nyumbani, na kufanya kazi hospitalini bila kinga ya kutosha. Kwa Waacholi, kama ilivyo kwa wengi wetu, maiti haizikwi hivihivi. Huoshwa na kuandaliwa, na kwa kawaida aliyebeba jukumu hilo ni shangazi wa marehemu, dada wa baba. Kisha ndugu huaga kwa kugusa, na wote hunawa chombo kimoja. Mtu mmoja aliyekufa anaweza kuondoka na ukoo mzima bila yeyote kufanya ubaya wowote.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami nalipenda kuliko yote katika kisa hiki. Waacholi wenyewe walikuwa na utaratibu wa zamani wa kukabili tauni, ambayo huiita gemo. Wazee wakishatambua kwamba ugonjwa uliopo ni gemo, sheria za kawaida hubadilika. Mgonjwa hutengwa kwenye nyumba yake, mbali na wengine. Mlangoni husimikwa fito mbili ndefu za matete, moja kila upande, ili apitaye ajue. Watu hupunguza kutembeleana, ngoma husimama, chakula cha watu wa nje hakiliwi. Atakayepona hubaki ametengwa kwa mwezi mzima wa mbalamwezi. Maiti huzikwa pembezoni mwa kijiji. Na anayemlisha mgonjwa na kumhudumia ni mtu aliyewahi kuupata ugonjwa huo akapona.

Soma tena sharti hilo la mwisho. Watu ambao hawakuwa na darubini walikwishajua kwamba kumtenga mgonjwa hakumaanishi kumwacha peke yake. Lazima awepo mtu wa kumpelekea maji. Kazi ya jamii ni kumchagua mtu huyo kwa akili, badala ya kumwachia mzigo yeyote mwenye huruma nyingi na tahadhari kidogo. Wodi ya Lacor, ukiivua klorini na mitambo ya oksijeni, ilikuwa inafuata wazo hilohilo.

Ndani ya wodi yenyewe dawa ya kuua kirusi haikuwepo, na hadi leo hakuna dawa wala chanjo iliyoidhinishwa kwa aina hii ya Sudan. Kilichokuwepo ni uuguzi mtupu, kwa maana nzuri ya neno hilo. Kumnywesha mgonjwa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Kumtundikia dripu mtu anayetetemeka, huku mikono yako ina glovu jozi mbili na miwani ya kinga imejaa mvuke. Kubadilisha shuka mara nne, mara tano kwa zamu. Kumsafisha. Kumwita kwa jina. Mwisho wa mlipuko, waliougua Uganda walihesabiwa 425 na waliokufa 224. Wapo wanaoitazama namba hiyo ya pili tu. Mimi huwaandikia wanafunzi ubaoni tofauti yake: 201. Hao walitoka hai, na wengi wao walikuwa wamenyweshwa, wamesafishwa na kugeuzwa na mtu fulani aliyekuwa anaogopa.

Alfajiri ya tarehe 20

Siku nne kabla ya mkutano wa ukumbini, muuguzi mmoja wa kiume wa Lacor alikuwa amelazwa katika wodi ileile aliyokuwa akiifanyia kazi, hali yake mbaya sana. Alikuwa anatoka damu puani na mdomoni, anakohoa. Kama saa kumi na moja alfajiri aling'oa barakoa ya oksijeni, akashuka kitandani, akayumba hadi kwenye korido ya wodi, damu ikitapakaa. Muuguzi wa zamu ya usiku aliingiwa na hofu, akaenda kumwamsha Lukwiya.

Alikuja. Alivaa barakoa, kofia, gauni, glovu jozi mbili na buti. Miwani ya kinga hakuivaa. Alimrudisha mgonjwa kitandani, akasaidia kumsafisha na kuweka mambo sawa. Muda mfupi baadaye yule muuguzi alifariki. Inaaminika kwamba Lukwiya aliambukizwa hapo.

Wasimulizi wengi wakifika hapa hulainisha sauti na kusema upendo ulimzidi akasahau nafsi yake. Sikubaliani nao. Mtu ambaye kwa wiki sita alikuwa analala kwa mang'amung'amu, ameamshwa kabla hakujapambazuka, ameitwa kwa muuguzi wake anayekufa, amesahau kifaa kimoja kati ya sita. Huo ni uchovu. Kumsifu mtu kwa kosa lililotokana na uchovu ni kuwafundisha vijana kwamba anayesahau miwani anapenda zaidi ya anayeikumbuka. Lukwiya mwenyewe asingekubali somo hilo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anawakazania wenzake kinga siku zote zile.

Siku hizi, kwenye vituo vya Ebola vinavyofuata utaratibu, haingii mtu wodini bila mwenzake kumkagua kuanzia kichwa hadi buti, na wakati wa kuvua mavazi husimama mtu wa kumwelekeza hatua moja baada ya nyingine. Kazi ya huyo mkaguzi ni kumwambia hata bosi wake, "Daktari, rudi, huna miwani." Alfajiri ile Lacor hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Aliyekuwepo ni mmoja aliyekuwa anaogopa, na mmoja aliyekuja.

Ukumbini

Turudi sasa kwenye tarehe 24. Tayari mnajua kitu ambacho watu 400 wale hawakukijua: aliyesimama mbele yao kuwaomba wasiondoke huenda alikuwa na kirusi mwilini.

Kwanza niseme wazi, wale hawakuwa waoga. Walikuwa wamefanya kazi tangu Oktoba. Walikuwa wamezika wanafunzi wao, wauguzi wenzao, na watawa. Wengi walikuwa na watoto nyumbani, na mitaani kulikuwa na majirani waliowakwepa kwa sababu ya sare. Mshahara wao ulikuwa wa muuguzi wa hospitali ya misheni kwenye eneo la vita. Anayejua mambo haya hahitaji kuelezwa. Kudai hospitali ifungwe lilikuwa dai la watu waliokwishalipa.

Lukwiya aliwajibu kwa kuwaeleza kwamba ikifungwa, yeye ataondoka Gulu na hatarudi tena. Akawakumbusha alivyokubali kuchukuliwa na waasi ili hospitali isipate madhara. Akasema wasipofanya kazi yao watu watakufa. Majadiliano yalikwenda saa kadhaa, na katika kubishana huko alisema jambo jingine, kwamba hata wote wakiondoka yeye atabaki. Mkutano ule ulimalizika kwa kuimba. Watu wakarudi kazini.

Darasa langu hugawanyika hapa, na mgawanyiko wenyewe una maana. Wapo wanaoona kiongozi alitumia machozi: ukiwaambia watu wanaokuheshimu kwamba utawahama, na ukawatolea mfano wa kutekwa kwako, umewafunga midomo. Kwamba amri ya namna hiyo ni kali kuliko barua ya kufukuzwa kazi. Wanafunzi wanaosema hivi mara nyingi ni wale wenye wazazi wauguzi. Wengine wanasema hapana, mtu anayelala wodini na wewe ana haki ya kukuomba chochote.

Mimi naona kila upande umeshika nusu. Maneno ya kuondoka Gulu asirudi yalikuwa ya shinikizo, na kama angeishia hapo ningekuwa upande wa kwanza. Maneno ya pili ndiyo yaliyobadilisha mambo. Ukishamwambia mtu kwamba utabaki hata akiondoka, umemwachia mlango wazi. Ametolewa deni. Akibaki, amebaki kwa hiari yake. Na saa zile za kubishana zilikuwa na uzito wake, kwa sababu watu waliruhusiwa kuhesabu wafu wao kwa sauti mbele ya mkubwa wao bila kukatizwa. Nimeona mahali pengi pa kazi ambapo kikao cha namna hiyo kingemalizwa kwa dakika kumi na tangazo ubaoni.

Lakini hoja yenye nguvu kuliko zote, ambayo nadhani ilikuwa inaelea mle ukumbini hata kama kila mtu aliisema kwa namna yake, ni hii. Kuifunga hospitali kusingewaondoa wagonjwa duniani. Kungewarudisha nyumbani. Na nyumbani kuna mama, kuna dada, kuna shangazi, na hakuna hata mmoja wao ambaye angemwacha mtoto wake alie kwa kiu ndani ya nyumba. Wangemshika. Wangemshika kwa mikono mitupu, wangekufa, na binti zao wangewashika wao. Lazima mtu ahudumie. Suala lilikuwa kama atahudumia mwenye glovu na mafunzo au asiye nazo.

Ukiliona hivyo, swali la "kwa nini nibaki mimi" linapata sura nyingine. Mara nyingi tunalijibu kwa hesabu ya nafsi: nitapata thawabu, nitajisikia vizuri, maisha yangu yatakuwa na maana. Si majibu mabaya. Ila ukiwa umesimama mlangoni mwa wodi ya Ebola, sidhani yanatosha kukuingiza ndani. Kinachoweza kukuingiza ni kumfikiria yule atakayesimama pale endapo wewe hutasimama, na kujua kwamba hana ulicho nacho wewe. Muuguzi aliyerudi kazini mchana ule alikuwa amechukua nafasi ya mwanamke fulani kijijini ambaye hatamjua kamwe, na ambaye naye hatajua kwamba kuna mtu alimkinga.

Baada ya hapo

Homa ilimpata Lukwiya siku mbili au tatu baada ya mkutano. Alitibiwa malaria kwanza, kama tunavyofanya wote, kisha kipimo kikathibitisha alichokuwa anakihofia. Alilazwa katika wodi aliyoianzisha, akihudumiwa na wenzake waliojitolea. Mkewe alikuja kutoka Kampala na aliruhusiwa kumwona akiwa amevikwa kinga mwili mzima. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba. Alizikwa siku hiyohiyo, haraka na bila kuoshwa wala kuguswa na ndugu, kwa masharti aliyokuwa akiwaeleza wengine kwa wiki nyingi, ndani ya uwanja wa hospitali kando ya kaburi la Lucille Teasdale. Watumishi wa Lacor waliokufa katika mlipuko ule ni 13, yeye akiwa mmojawapo. Mwishoni mwa Februari 2001 Uganda ilitangaza kwamba mlipuko umekwisha.

Lukwiya anajulikana. Wale kumi na wawili hawajulikani nje ya Gulu, na hili linanikera. Hawakuwa na shahada ya Liverpool wala kisa cha kutekwa na waasi. Walikuwa na zamu. Walipangiwa usiku, wakaja usiku. Tukisema thamani ya maisha iko katika kuwahudumia wengine, basi hao ndio kipimo chake kigumu, kwa sababu hakuna hadithi iliyokuwa inawasubiri upande wa pili.

Na jambo hili halijapita. Mwaka 2022 aina ileile ya Sudan iliibuka wilayani Mubende. Waliothibitishwa walikuwa 142 na kati yao 55 walikufa. Saba wa waliokufa walikuwa wahudumu wa afya, na mmoja wao alikuwa daktari Mtanzania mwenye umri wa miaka 37 aliyekuwa huko akisomea upasuaji. Machi mwaka uliofuata ilikuwa zamu yetu Tanzania, kwa Marburg, homa ya virusi ya jamii moja na Ebola, mkoani Kagera: wagonjwa tisa, vifo sita, naye mhudumu wa afya akiwa miongoni mwa waliokufa. Wanafunzi wangu wawili wametoka Kagera. Darasani hawakunihitaji niwaeleze hofu ya watu kuikwepa sare.

Tumezoea kuwaambia wauguzi kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Lacor moyo haukupungua. Kilichopungua ni mtu wa pili wa kukagua mavazi alfajiri, na watu wa kupokezana zamu ili mganga mfawidhi alale. Hivyo vinanunuliwa kwa bajeti. Serikali au shirika likimpeleka muuguzi kwenye wodi ya namna hiyo bila bima, bila posho inayofika kwa wakati, na bila kumwambia watoto wake watasomeshwa na nani akifa, halafu likamtolea mfano wa Lukwiya, linamtumia marehemu vibaya.

Lacor haikufungwa. Opira, yule aliyepiga simu Oktoba, ndiye aliyeendelea kuiongoza kwa miaka mingi, na uongozi wa hospitali ukawa mikononi mwa Waganda baada ya kina Corti. Corti mwenyewe alifariki mwaka 2003.

Mara ya mwisho nilipokifundisha kisa hiki, niliwagawa wanafunzi makundi mawili na kuwataka waendeshe mkutano wa ukumbini upya, kundi moja watumishi, kundi jingine uongozi. Kundi la watumishi halikudai kufungwa kwa hospitali. Lilidai orodha ya zamu ibandikwe mlangoni, kila aliye wodini awe na mwenzake wa kumkagua, na mganga mfawidhi naye awekwe kwenye orodha hiyo, pamoja na siku yake ya mapumziko. Kundi la uongozi liliomba muda wa kujadili sharti la mwisho. Kipindi kikaisha wakiwa bado wanabishana.